Buibui wa Miamba ya Ufipa

Ufipa si nchi ya mapango makubwa. Tambarare hii iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa imekaa juu ya mwamba mgumu wa kale, na mwamba wa namna hiyo hauliwi na maji kama chokaa ya Tanga, ambako mvua za miaka isiyohesabika zimechonga kumbi za Amboni. Pango la kwetu ni jiwe lililoegemea jiwe, ufa chini ya jabali, au tumbo la mwamba ambamo mchungaji hujibanza mvua ikimkuta malishoni. Mapango haya hayana lango wala tiketi, na mengi hayajulikani nje ya kijiji chake. Nimekulia Katandala, mjini Sumbawanga, na mawe hayo nimeyaona tangu utotoni. Safari hii nilikwenda kuingia ndani yake kwa haja moja: nilitaka kujua buibui anayeishi humo ni nani, na mtu hupita njia gani hadi aweze kusema kwa uhakika kwamba huyu ni fulani.

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Wengi wetu humtambua buibui kwa kumtupia jicho: mweusi, mwekundu, mwenye miguu mirefu. Lakini rangi ni shahidi asiyeaminika. Hupauka ndani ya spiriti, hubadilika kadiri buibui anavyokua, na spishi kumi zisizo na undugu wa karibu zinaweza kuvaa udongo uleule wa mwamba zinaoishi juu yake. Katalogi ya buibui wa dunia, inayotunzwa kwenye jumba la makumbusho la Bern huko Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwezi wa Aprili 2022. Kumtafutia buibui mmoja nafasi yake kati ya hao wote kunahitaji zaidi ya macho makali.

Tuliondoka Katandala alfajiri moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Sumbawanga huingia mpaka mifupani. Mama wauza chai walikuwa wamekwisha koleza mkaa, waendesha bodaboda wamejifunika makoti hadi masikioni. Nilisafiri na dada mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Dar es Salaam, ambaye ndiye mwenye kazi yake. Mimi nilikuwa mwenyeji na mwandishi. Begi lake lilikuwa na vichupa vya kioo, spiriti, kibano chembamba, brashi ya rangi ya wachoraji, tochi mbili za kuvaa kichwani, penseli, na karatasi nene iliyokatwa vipande vidogo. Juu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, alihifadhi kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pamoja na barua ya wilaya. Bila kibali hicho, aliniambia, hachukui hata mguu wa buibui, hata kama buibui yuko kwenye ukuta wa choo cha stendi.

Kabla ya kutoka aliniomba ruhusa ya kuchukua buibui wa nyumbani kwetu. Nilimwonyesha pembe ya dari ya jikoni, ambako wale wenye miguu mirefu kama nyuzi hukaa kichwa chini mwaka mzima. Alimchukua jike na dume, akawatia kwenye vichupa viwili, na kwa kila kichupa akaandika kipande cha karatasi: nchi, mkoa, mji, kata, jikoni kwenye dari, tarehe, jina lake. Aliandika kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti na kuacha maji ya bluu. Karatasi iliingia ndani ya kichupa pamoja na buibui, haikubandikwa nje. Gundi hubanduka, kilicho ndani hakipotei.

Barabara ya lami ya kwenda bandari ya Kasanga inapita Matai, na mpaka huko safari ni ya raha. Julai nyasi za Ufipa zimekauka, mashamba ya mahindi yamebaki mabua, na kila penye kundi la mikaratusi ujue pana nyumba. Mtu aliyezoea misitu ya Usambara anaweza kuiona nchi hii kuwa tupu. Mimi naiona kuwa imefunguliwa. Jicho linakwenda mpaka linapogota kwenye jabali. Katika nyika hii bado yanasimama baadhi ya matanuru marefu ya udongo ambayo mababu wa Kifipa walitumia kuyeyushia chuma, malungu, na kila nikiyaona hunijia wazo kwamba watu waliojua kuchagua jiwe lenye chuma kati ya mawe elfu walikuwa wataalamu wa uainishaji. Walishika, walipima uzito, walitazama mkwaruzo. Matai tulikunywa chai, tukala ugali kwa migebuka, tukaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea Kapozwa, upande wa Maporomoko ya Kalambo.

Maporomoko yenyewe yanastahili makala yake. Mto Kalambo, ambao ni mpaka wetu na Zambia, unaanguka mita 235 kwa mruko mmoja kabla ya kujitafutia njia kwenda Ziwa Tanganyika. Lakini kitu kilichonishika zaidi kiko juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mahali ambapo mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichimba katika miaka ya 1950 na 1960. Timu iliyorudi hapo mwaka 2019 ilipata magogo mawili yaliyochongwa yakapandana, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba yana umri usiopungua miaka 476,000. Dada yule alikuwa ameisoma habari hiyo kwa jicho la mtu wa vichupa. Gogo lile, alisema, lingetolewa kwenye mchanga bila kuandikwa lilikuwa tabaka gani, lingekuwa kuni. Umri wake ulipimwa kwenye mchanga uliolizunguka. Thamani yote iko kwenye kujua lilitoka wapi hasa.

Kijijini tulipelekwa kwa mzee mmoja aliyekaa juani mbele ya nyumba yake, amejifunga blanketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka mbali?"

"Tumetoka Sumbawanga, babu. Dada huyu ni mgeni wetu kutoka Dar es Salaam. Tunaomba ruhusa kuingia kule kwenye mawe. Tunatafuta buibui."

Mzee alimtazama dada kwa muda. "Buibui yuko kila nyumba, mwanangu. Kwa nini mwende kumsumbua wa kule?"

"Ndicho tunachotaka kujua, babu," dada akajibu. "Kama wa nyumbani na wa kule ni mmoja."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Alimwita mjukuu wake, kijana wa sekondari, atuongoze, na akatupa masharti: tusipige kelele, tusivunje jiwe, tusiache takataka. Yale ni mawe ya wazee, alisema, na hakueleza zaidi, nasi hatukumwuliza.

Kutoka kwa mzee mpaka kwenye mawe ni mwendo wa kupanda kidogo kupitia miombo iliyopukutisha majani. Jabali kubwa limelala juu ya mengine matatu, na chini yake pamebaki nafasi ambayo mtu huingia ameinama, kisha husimama, kisha hulazimika kutambaa. Mwanga unaingia kwa mlango mmoja tu. Hatua za kwanza kuna jua; baadaye kuna ule mwanga wa kijivu ambao ndani yake unaona mkono wako lakini huoni kucha; mwisho kabisa, nyuma ya jiwe lililokaa kama kizingiti, kuna giza. Wanaosoma viumbe vya mapangoni huanza kwa kugawa kanda hizi, kwa sababu mkazi wa mlangoni na mkazi wa gizani ni watu wawili tofauti hata kama wanatenganishwa na hatua chache.

Tochi ya dada haikumulika mbele. Aliishika pembeni, sambamba na ukuta, ili nyuzi zipate kung'aa, kisha akanyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia. Papo hapo pango likajaa tando. Zilikuwepo muda wote, tumezipita, nyingine zimetugusa mashavu. Utando wa buibui huyu hauna duara lile la vitabu vya shule. Ni shuka jembamba lililopinda kidogo, na juu yake nyuzi zimevutwa huku na huku bila mpango unaoonekana. Chini ya shuka, kichwa chini, ananing'inia mwenyewe: tumbo refu la mviringo lenye madoa, miguu mirefu mara nyingi kuliko mwili. Dada alimgusa utando kwa ncha ya brashi. Buibui akaanza kujizungusha kwa kasi mpaka umbo lake likapotea machoni, ukungu tu wa miguu. Ndege au nyigu anayemlenga hapo hajui apige wapi. Tabia hiyo, pamoja na miguu na utando, inatosha kumtia kwenye familia ya Pholcidae, ileile ya buibui wa jikoni kwetu. Jike mmoja alikuwa amebeba mayai yake mdomoni, fungu la mviringo lililofungwa kwa nyuzi chache sana hivi kwamba kila yai lilionekana peke yake. Huyo tulimwacha.

Kijana wetu alituita kwa sauti ya chini kutoka ukutani. "Huyu hapa mkubwa, buibui wa pango." Mnyama aliyemwonyesha alikuwa bapa kama amekanyagwa, mweusi, na miguu imeenea ukutani upana wa kiganja. Hata Amboni, nilipokwenda miaka iliyopita, niliwasikia wageni wakimpigia kelele mnyama wa aina hii wakimwita buibui. Dada alipiga magoti akamweleza kijana kwa utulivu. Tazama mikono ya mbele, ina miiba ya kukamatia. Tazama jozi ya kwanza ya miguu, haikanyagi. Imekuwa mijeledi miwili mirefu ya kupapasia gizani, kwa hiyo anatembea kwa miguu sita. Hana hariri, hana sumu. Ni jamaa wa buibui, yumo kwenye tabaka moja la araknida pamoja na nge na kupe, lakini si buibui. Huyu ni wa jenasi Damon, inayopatikana sehemu nyingi za Afrika. Kijana alimsogezea uso mpaka nikaogopa, naye hakuogopa.

Katika ukanda wa kijivu kulikuwa na wengine: buibui bapa wa ukutani anayekimbia kwa ubavu na kujificha kwenye ufa usiopitisha hata kisu, na chini ya mawe madogo buibui wa kahawia ambaye dada hakutaka tumshike kwa vidole. Alimtia kwenye kichupa akitumia brashi na kunionyesha macho yake kwa kioo cha kukuzia: sita, yamepangwa jozi tatu. Buibui wengi wana manane. Macho sita kwa jozi tatu, mwili wa kahawia usio na miiba miguuni, ni dalili ya Loxosceles, jenasi ambayo spishi yake mojawapo, Loxosceles smithi, inajulikana kutoka Ethiopia hadi Tanzania, na kuumwa na buibui wa jenasi hii kunaweza kuacha kidonda. Kuhesabu macho ndiko kunakoanza kazi yote. Yako mangapi, yamekaaje, yapi makubwa: hapo familia nyingi hujitenga kabla hujagusa kitu kingine.

Mwisho, nyuma ya kile kizingiti cha giza, dada alilala kifudifudi kwa muda mrefu na tochi yake. Alipotoka alikuwa na kichupa chenye kitu ambacho mimi nilikiona kama punje ya ulezi iliyopauka. Miguu myembamba, mwili hauna madoa. "Huyu si yule wa utando mkubwa," alisema, akaandika karatasi yake palepale, kwa mkono uliojaa vumbi, kabla hajafunga kifuniko.

Kazi ya kuwaandika buibui wa mapango ya Afrika Mashariki ina zaidi ya miaka mia. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walipita nchi hizi mwaka 1911 na 1912, wakapanda milima na kuingia mapango ya pwani, Shimoni kusini mwa Mombasa na yale ya mto Mkulumuzi karibu na Tanga. Jeannel alikuwa mmoja wa watu wawili walioiweka elimu ya viumbe vya mapangoni juu ya msingi wake wa kisasa. Mwenzake alikuwa Emil Racoviță wa Romania. Walichokusanya Alluaud na Jeannel kilikwenda Paris. Mwaka 1921 Louis Fage, wa jumba la makumbusho la Paris, alimwelezea buibui mdogo mno wa Afrika Mashariki na kumwita Apneumonella oculata. Familia yake, Telemidae, haina yale mapafu ya kurasa ambayo buibui wengi huyatumia kuvuta hewa. Hupumua kwa mirija tu. Ndugu yake wa mapango ya milima ya Pyrenees, Telema tenella, ni kipofu kabisa. Yule wa kwetu ana macho, ndiyo maana ya jina alilopewa.

Mfano mwingine naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha kwamba jina la kisayansi linaweza kuhama. Msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wanyama wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Buibui wake walifanyiwa kazi na Albert Tullgren, ambaye mwaka 1910 alimwingiza mmoja wao kwenye jenasi Spermophora na kumwita globosa. Miaka 93 ikapita. Mwaka 2003 Bernhard Huber, anayefanya kazi kwenye Jumba la Makumbusho la Koenig mjini Bonn, aliwapitia upya buibui hawa wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki, akaona wengi wao ni ukoo wao wenyewe, akaunda jenasi mpya, Buitinga. Leo tunaandika Buitinga globosa, na jina la Tullgren na mwaka wake vinawekwa ndani ya mabano. Mabano hayo si pambo. Yanamwambia msomaji: huyu mwandishi ndiye aliyempa jina kwanza, lakini alimweka nyumba nyingine. Huber aliwapa baadhi ya ndugu zake majina ya huku, Buitinga kadogo, Buitinga wataita, Buitinga amani, na nilipoyasoma mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekuta jina la kijiji changu kwenye ramani.

Haya yote yalinirudia usiku, Katandala, tulipokaa mezani na hadubini ya kuazima. Dada alimwaga mchanga safi kidogo kwenye kisahani, akaongeza spiriti, kisha akamlaza buibui wa pango juu yake. Mchanga humshika buibui katika mkao unaoutaka: chali, ubavu, kichwa juu. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwatenga. Wengi walikwenda kwenye fungu la wachanga. Buibui ambaye hajapevuka, alisema, anaweza kukupa familia, pengine jenasi, na hapo milango hufungwa, kwa sababu kinachotenganisha spishi na spishi hakijaota bado.

Kinachotenganisha ni viungo vya uzazi. Dume aliyepevuka ana vipapasio viwili mbele ya uso, na ncha zake zimevimba na kujaa ndoano, mabamba na miiba ambayo hutumika kupitisha mbegu kwa jike. Jike ana bamba lake chini ya tumbo, lenye njia zake za ndani. Kila spishi ina umbo lake, na umbo hilo halibadiliki kwa chakula, kwa umri wala kwa rangi ya mwamba. Kwa kawaida huchorwa kipapasio cha kushoto, ili mchoro wa Bonn uweze kulinganishwa na mchoro wa Dar es Salaam bila kugeuza karatasi. Bamba la jike hukatwa na kuwekwa kwenye mafuta ya karafuu mpaka liwe angavu, njia za ndani zionekane. Mafuta ya karafuu, yaleyale ya Unguja na Pemba tunayopaka jino linapouma. Maabara za buibui za dunia nzima zinayo kwenye rafu.

Aliweka dume wa jikoni kwetu upande wa kushoto wa kisahani, dume wa pango upande wa kulia, akaniachia kiti. Kwa macho ya kawaida ningeapa ni ndugu wa tumbo moja. Chini ya hadubini taya za mmoja zilikuwa na pembe fupi mahali ambapo za mwenzake zilikuwa na umbo jingine, na ule mkono unaochomoza kwenye ncha ya kipapasio ulipinda kwa mmoja na kunyooka kwa mwingine. Niliangalia mara nyingi, nikabadilisha pembe ya taa, tofauti haikuondoka. Dada alifungua kwenye kompyuta yake kazi kubwa ya Huber ya mwaka 2012 juu ya jenasi Smeringopus, jenasi ya Afrika ambayo ndani yake kuna majina kama chogoria, turkana, bwindi na mgahinga, kila moja likitaja mahali. Yule wa jikoni alikubaliana na michoro ya Smeringopus pallidus, buibui wa majumbani aliyesafiri na binadamu hadi nchi nyingi za joto. Yule wa pango ni Smeringopus pia: macho manane, tumbo la mviringo refu lenye madoa, umbo la jumla la taya za dume. Lakini pallidus siye. Kwa hiyo swali tuliloliacha kwa mzee lilipata jibu, na kesho yake nilimpigia mjukuu wake simu ampelekee: wa nyumbani na wa kule si mmoja.

Baada ya hapo nilitegemea jina. Dada aliandika "Smeringopus", akaacha nafasi, akafunga daftari. Nilimsihi kidogo, kwa sababu mchoro mmoja ulionekana kwangu kuwa karibu mno. Alikataa. Mchoro unaofanana ni sababu ya kwenda kutazama sampuli yenyewe, ile ambayo mwandishi wa kwanza aliishika mkononi alipotoa jina, na ambayo kwa kanuni za kimataifa ndiyo kipimo cha jina hilo milele. Nyingi za Afrika Mashariki ziko Ulaya: Paris, Berlin, Tervuren ya Ubelgiji, Stockholm, London. Huandikiwa wahifadhi wake, huombwa picha au kuazimwa. Mguu mmoja wa buibui wa Kapozwa utachukuliwa DNA, kipande kile cha jeni cha herufi 658 ambacho wanasayansi wamekubaliana kukilinganisha kwa wanyama wengi. Sampuli zenyewe zitakaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliheshimu sana ile nafasi tupu kwenye daftari. Majina ya buibui yanaanza na kitabu cha Carl Clerck cha mwaka 1757, mwaka mmoja kabla ya toleo la Linnaeus ambalo kwa wanyama wengine wote ndilo mwanzo. Buibui peke yao wameruhusiwa kutangulia. Tangu wakati huo, kila jina lililotolewa kwa haraka limemwachia mtu wa baadaye kazi ya kulifuta.

Je, huyu Smeringopus ni buibui wa pangoni kweli? Kwa maoni yangu ni mpangaji, na hamiliki nyumba. Wale waliojifunga na giza moja kwa moja hupoteza macho au hubaki na madoa yake, ngozi hupauka, miguu hurefuka kupita kiasi. Huyu ana macho yake yote na madoa yake yote. Anapenda kivuli, unyevu na pembe isiyopigwa na upepo, na mwamba unampa hayo kama jikoni inavyompa yule mwingine. Hilo halimpunguzii thamani. Tambarare ya Ufipa imekatwa na miteremko mikali pande zote mbili, na buibui asiyesafiri kwenye mizigo ya watu anaweza kukaa kwenye kundi lake la mawe vizazi na vizazi bila kukutana na jirani. Hapo ndipo spishi huzaliwa. Na mawe yenyewe hayana mlinzi: nje ya Sumbawanga nimeona majabali yakichomwa kwa magurudumu mpaka yapasuke, yapondwe kokoto. Mtu anahitaji kujenga, silaumu. Nataka tu tujue kilichomo kabla ya moto.

Yule mdogo aliyepauka aliachwa mwisho. Alikuwa na macho sita, mafungu mawili ya matatu matatu, kila fungu upande wake, na yale mawili ya katikati hayapo kabisa. Ni Pholcidae mwingine, wa upande wa akina Spermophora na Buitinga, na alikuwa jike ambaye bamba lake halijakamilika. Dada alimtazama kwa muda mrefu kuliko wengine wote, akasema asingeweza kwenda mbele hata hatua moja bila dume.

Mvua za Ufipa huanza Novemba, na kipindi cha mvua ndicho wadudu huwa wengi na buibui wengi hupevuka. Kibali chake bado kitakuwa hai. Mzee ameshakubali turudi, kwa masharti yaleyale. Kijana tumemwachia tochi moja, kioo cha kukuzia, penseli na rundo la zile karatasi. Hatakusanya kitu; atakwenda kwenye kizingiti cha giza kila baada ya wiki chache na kuandika tarehe, hali ya mvua, wangapi amewaona, na kama yupo kati yao aliyevimba ncha za vipapasio. Karatasi ya kwanza alinitumia picha yake kwa simu mwezi wa Agosti. Ameandika nchi, mkoa, wilaya, kijiji, nyuma ya jiwe la tatu, kavu, wanne, bado.